Moteri Ikizimika Juu

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Kasongo: benchi moja iliyopinda, thermosi ya kahawa ya Mama Marcelline, na wanaume wanaojua kila kitu. Jioni ile Dady alikuja na uso wa msiba. Dady anabeba watu kwa pikipiki, na tunamwita Roue Libre, yaani gurudumu linalozunguka lenyewe, kwa sababu kwenye kila mteremko anazima moteri asimalize mafuta. Mkewe Chimène ni mkunga. Kesho yake alitakiwa kupanda helikopta kwenda Salamabila, maana mvua ilikata barabara na kule wanawake wenye mimba walikuwa wanamngoja. Nampenda Dady, lakini siku ile alinichosha.

— Namukataza, alisema. Moteri ikizimika kule juu, inaanguka kama jiwe.

— Haianguki hivyo, akajibu Raphaël, fundi wa baiskeli. Fundi mumoja wa helikopta alinifasiria. Iko na roue libre, sawa na baiskeli. Moteri inakufa, mapanga inaendelea kuzunguka.

— Nani anaizungusha?

— Upepo. Pilote analaza mapanga, helikopta inashuka mbio, upepo inapanda toka chini inaizungusha. Karibu na udongo anaiinamisha tena, inashika hewa, inatua polepole.

— Inashuka mbio ili itue polepole, akasema Mzee Moustapha, muuza nyama. Raphaël, kunywa kahawa.

— Basi weye Mzee unasemaje?

— Wafungue milango yote mbili, upepo ipite. Wakikaribia chini, watu wote waruke mara moja, chombo ipunguke uzito.

— Na pilote?

— Pilote aruke wa kwanza.

Hata mimi nilichangia: wafunge kuku ishirini chini yake, wapige mabawa. Sijivunii.

— Ashuke mupole tu, Dady akasema. Akamate freni.

— Akishuka mupole sana, mapanga inachoka, akajibu Raphaël. Weye, kwenye muteremuko ya njia ya Lualaba unakamata freni?

— Hapana. Nikikamata, sipandi kilima ya ngambo ya bonde. Ile mbio njo inanipandisha.

— Njo vile vile. Pilote anaweka mbio yake kwenye mapanga, anaitumia chini, mara moja tu.

Dady alizungusha kikombe mkononi.

— Haiko sawa, akasema. Mule ndani kutakuwa bibi yangu.

Hatukuwa tumemwona Chimène. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi na mfuko wake wa kazi.

— Papa Glody, akamwambia mumewe kwa upole, miaka kenda unazima moteri na miye niko nyuma yako, hata na mimba ya Glody. Siku gani uliniuliza kama ninaogopa?

Mzee Moustapha alitazama kahawa yake. Raphaël alifuta spana iliyokuwa safi. Mama Marcelline akafunga thermosi, na kahawa ilikuwa bado imo.

Asubuhi Dady alimpeleka mwenyewe kwenye uwanja wa ndege. Walinipita juu ya mteremko, mfuko wa kazi katikati yao. Nilisikiliza mpaka wakafika bondeni, na moteri ililia njia nzima.