Jerusa Mongina na Shati la Kiptere

Mama tunayemzika leo, Jerusa Mongina Kipkurui, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho. Wazazi wake, marehemu Mzee Ratemo na Mama Gesare, walitoka Nyamira kuja kuchuma majani chai.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji Kericho. Huko aliwahi kufukuzwa kwa kukata pazia la darasa na kulishona kuwa gauni. Mwalimu alipoliona gauni lenyewe, alimrudisha.

Tarehe 8 Desemba 1984 aliolewa na Wesley Kipkurui wa Kiptere, wakazaa Molly na Kipkemoi. Katika vurugu za kikabila za 1992, vijana wa hapo walikuja kumfukuza Jerusa kwa sababu hakuwa wa kabila lao. Mumewe alisimama mlangoni, mshale ukamwingia begani. Alipona. Jerusa alilikunja shati la mumewe, lenye tundu na damu, bila kulifua.

Akiwa mjane, mwaka 2016, aligeuza nyumba yao ya Kiptere kuwa makumbusho ya mavazi. Alikusanya mavazi ya ngozi yenye shanga ya mama mkwe wake, aproni za wachuma chai na gauni za kanisa za zamani. Watalii waliokuja kuona mashamba ya chai walianza kupitia kwake. Aliwavisha aproni na kapu, wakajicheka kwenye kioo. Wakifika kwenye shati la mumewe, lililotundikwa ukutani, walivua aproni. Akina mama wa soko wakapata wateja wa shanga na chakula.

Wengine hawakupenda. Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, wanaume watatu waliingia mchana, wageni wakiwa ndani, wakavunja vioo kwa rungu.

“Toa hiyo shati. Inatuaibisha,” mmoja alisema.

“Ni ya bwana yangu,” Jerusa akajibu. “Si mimi nilitoboa.”

Walimkata panga kichwani na mkononi.

Jerusa akiwa hospitalini, Mama Chelimo, jirani yake, alimjia na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na shati la mwanawe, mmoja wa wale watatu, lenye damu ya Jerusa.

“Aliniambia nimfulie, Mama Molly. Nimekataa.”

Jerusa alimrudishia mfuko.

“Peleka polisi,” alisema. “Wakimaliza nayo, ulete nyumbani. Tutaitundika.”

Kidonda cha kichwa hakikupona. Alituacha tarehe 2 Mei 2025.

Ameacha binti yake Molly, mwanawe Kipkemoi, wajukuu wanne, na Mama Chelimo, ambaye leo ameketi na familia.

Mungu ampe Jerusa usingizi usio na hofu.