Safari ya Elkana Musembi, Aliyepima Wachezaji

Mchungaji, ndugu, majirani wa hapa Hayes, London, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya Elkana Musembi Kilonzo, aliyezaliwa Kangundo, Machakos, tarehe 14 Machi 1962, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1979, akawa karani Nairobi, na tarehe 6 Agosti 1988 akamwoa Ann Mbithe, wakajaliwa Mwende mwaka 1990 na Eddie mwaka 1997.

Mwaka 1996 alihamia London pamoja na Ann na Mwende, akawa mtunza stoo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na hapo, mwaka 2009, mwenzake Ramesh alimwingiza katika ligi ya besiboli ya kwenye kompyuta, ambamo kila mwanachama huongoza timu ya wachezaji wa kubuni na kubadilishana wachezaji na wenzake, mchezo ambao sisi wengine hatuuelewi mpaka leo, Mungu atusamehe kwa tulivyomcheka. Elkana hakuwahi kushika gongo, lakini wanachama wote ishirini na wanne walimwomba ushauri kabla ya kubadilishana, naye aliwajibu kwa barua fupi, umri, majeraha, misimu iliyobaki, wala hakuwa na huruma, usimtoe kijana upewe mzee aliyebakiza msimu mmoja, hata awe na jina kubwa namna gani.

Figo zake zilianza kushindwa Februari 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Mei 2023 Mwende alipimwa bila kumwambia, ikaonekana figo yake inamfaa baba. Alipompelekea habari hiyo kwa furaha, alijibiwa kwa barua fupi ya aina ile ile, upande huu mama wa watoto wawili, miaka thelathini na mitatu, upande ule mzee wa sitini na mmoja, moyo dhaifu, mabadilishano hayakubaliki. Mwende alicheka akidhani ni utani, kisha akalia, akamleta mchungaji, akanileta mimi, Elkana akatupikia chai, akatusikiliza kwa adabu, na msimamo wake ukabaki pale pale, hata Ann alipompigia magoti.

Alituacha Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Mwende akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, wenzake wa ghalani, na Ramesh, aliyetuletea rambirambi za ligi nzima.

Mwende ameomba niongeze jambo moja, nami nalisoma kama alivyoliandika, kwamba katika barua ile baba alitaja umri wake na moyo wake, lakini hakutaja popote kwamba yeye ndiye baba pekee aliyekuwa naye, na kwamba bado amemkasirikia.

Pumzika, kaka yangu, kwa amani uliyoichagua mwenyewe.