Pamba Ndani ya Kopo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nina neno zito.

Mnanijua, mimi ni Mama Mwende, yule wa kupandisha sauti hata pasipohitajika. Mnajua pia kwamba nafanya kazi na kliniki, nawapelekea wajawazito dawa huko nyuma ya Kwale, kwenye vijiji vikavu. Msichokijua ni dawa gani. Ni dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto. Na msichokijua kabisa ni kwamba mimi mwenyewe ninazimeza, tangu nilipokuwa na mimba ya Mwende. Haya, nimesema!

Miaka yote hii nimekaa katikati yenu na kopo langu mkobani. Nililishindilia pamba ili vidonge visilie nikitembea. Wakati wa sifa nilicheza kama ninyi, lakini mkoba nimeubana kwapani. Nilimsifu Mungu kwa mkono mmoja, ndugu zangu!

Hofu ile niliibeba mpaka kazini. Nikifika nyumbani kwa watu na kukuta mama mkwe amekaa, sikuthubutu kutaja dawa. Nilisema nimeleta vitamini. Nilijiona mwerevu, kumbe ni ujinga mtupu.

Kulikuwa na binti mmoja, nitamwita Riziki, mwenye mimba ya miezi saba. Hali yake aliijua, na mumewe anayefanya kazi Diani aliijua pia. Asiyejua ni mama mkwe aliyekaa naye, ambaye nitamwita Bi Mwanasiti. Siku moja nilipofika, Riziki alininong'oneza kwamba hajameza kidonge kwa siku sita. Kopo lilikuwa limefungiwa sandukuni!

Nilimwamkia Bi Mwanasiti, akaitikia marahaba, kisha akanigeukia.

"Nyinyi watu wa kliniki mwapenda sana kutunenepeshea watoto tumboni. Hizo vitamini zenu, mtoto awa mkubwa, mama hazai ila kwa kisu. Nimezifungia. Ajifungue kwanza."

Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa akimlinda mkazamwana wake dhidi ya neno langu mimi! Nilipomwona Riziki ameshika tumbo lake, nilitamani ardhi inimeze. Mtoto yule alikuwa hatarini, na aliyemtia hatarini alikuwa ni mimi na adabu zangu za uongo.

Uongo mwingine ulinijia haraka, kwamba daktari ameamuru. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo, "Nifunge mdomo huu." Nikamwita Riziki kando jikoni, nikamwuliza kama ananiruhusu kusema ukweli. Alilia, kisha akajibu, "Sema wewe, mama. Mimi ulimi hauninyanyuki."

Nilikaa mkekani mbele ya Bi Mwanasiti. Nikatoa kopo langu, nikachomoa pamba, nikaweka kidonge kiganjani.

"Mama, nilikudanganya. Hizi si vitamini. Ni dawa za virusi. Mimi ninavyo, na Mwende wangu nilimzaa mzima kwa sababu sikuziacha dawa hizi. Riziki naye yuko kama mimi."

Alikitazama kidonge. Aliinuka, akaingia chumbani, na nikasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kopo la Riziki na maji.

"Meza, mwanangu." Kisha akanikazia macho. "Na wewe, ukija tena kwangu, njoo na maneno yako kamili."

Wiki ile ile Riziki alirudi kliniki, akapimwa na kuangaliwa vizuri. Mtoto alipozaliwa alipewa dawa yake ya maji, na mshika saa alikuwa nani? Bi Mwanasiti! Nikichelewa kupeleka chupa, simu yangu haipumui. Juzi, baada ya kuachishwa ziwa, mtoto alipimwa kwa mara ya mwisho. Hana virusi! Bi Mwanasiti alisema "Alhamdulillahi", mimi nikapaza "Haleluya", na mtoto akatukojolea sote wawili.

Ndugu zangu, nisimsingizie Mungu. Virusi ninavyo bado, na leo mchungaji akizidisha mahubiri nitameza kidonge changu papa hapa kwenye benchi. Alichoniondolea ni hofu, na hofu ndiyo iliyokaribia kumponza mtoto wa watu.

Huenda hapa ndani yuko dada mwenye mimba na kopo lililojaa pamba. Sikuulizi jina. Nitakuwa nje pale kwenye ngazi baada ya ibada, tutatembea pamoja kama watu wanaokwenda sokoni. Mtumaini Mungu, na dawa umeze. Nawashukuru kwa kunisikiliza bila kuguna.

Waimbaji, pigeni wimbo! Pamba niliitupa asubuhi. Leo ninacheza mikono yote juu, na mkoba ulie upendavyo.