Mzee Ignatio Kinunda, Aliyetupunguzia Safari za Songea

Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Mzee Ignatio Kinunda anarudisha funguo za karakana ya ushirika wetu hapa Mbinga baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini. Aliajiriwa mwaka 1969 kuziba pancha. Anaondoka akiwa fundi wa magurudumu ambaye hata wanunuzi binafsi wa kahawa, wenye magari mapya kuliko yetu yote, humletea yao.

Alizaliwa Mkumbi, katika familia ya wakulima wa kahawa na mahindi, na chuo chake cha ufundi kilikuwa karakana hii hii. Ni mtu wa maneno machache na ubahili mwingi. Hatupi nati, hatupi waya, na penseli yake ya kuandikia daftari la kazi sasa ni fupi kuliko kidole gumba, lakini bado anaichonga.

Ubahili huo ndio uliotuokoa. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, wakulima wengi walianza kuuza kwingine, na ofisi ikatafuta pa kubana matumizi. Macho yakatua kwetu. Magari yalikuwa yakipelekwa Songea kila mwezi kubalansiwa magurudumu, yaani kusawazishwa uzito wake pande zote, kwa kuwa usukani ulitetemeka hadi dereva akashuka na ganzi mikononi. Mwishoni mwa 1995 bodi ilisema wazi: gharama hiyo isipopungua kabla ya msimu wa kahawa, karakana itafungwa, na sisi wafanyakazi kumi na mmoja turudi mashambani kwetu.

Mzee Ignatio hakubishana na bodi. Mvua zilipoanza, alichukua kisu kibutu akachokoa rimu za pikapu iliyotoka Mkumbi. Kwa ndani, upande mmoja tu wa gurudumu, alikuta udongo mwekundu uliokauka ukawa mgumu kama tofali. Akaosha rimu zote nne, na pikapu ikateremka hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, bila kutetemeka. Tangu siku hiyo hakuna gari lililobalansiwa hapa kabla ya kuoshwa rimu kwa ndani. "Osha kwanza, ndipo ulalamike," ndiyo kauli yake kwa wakubwa na wadogo. Padre mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa anakula nasi leo, alikunja kanzu na kuosha mwenyewe.

Kwa magurudumu yaliyotetemeka hata baada ya kuoshwa, alifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele ya Land Rover iliyokufa siku nyingi, akaikaza kwenye gogo na kulainisha beringi zake kwa mafuta mepesi. Gurudumu likifungwa hapo huzunguka lenyewe na kusimama upande mzito ukiwa chini. Yeye hubandika kipande cha risasi, ile metali laini na nzito, upande wa juu, na kurudia hivyo mpaka gurudumu litulie popote linapoachwa. Kila kipande alikitia alama kwa patasi. Kwa gari la mwendo kasi njia hiyo haitoshi, na mwenyewe hukiri, lakini barabara zetu bado hazijamruhusu mtu kwenda kasi.

Likabaki jambo moja lililomsumbua. Pikapu iliyokwenda ziwani iliondoka ikiwa sawa na kurudi ikitetemeka, huku vipande vya risasi vimepungua. Aprili 1996 aliteremka Kihagara, kijiji cha ziwani, kutengeneza gari lililoharibika, akawakuta wavuvi wakirekebisha nyavu zao. Risasi zilizofungwa kuzamisha nyavu zile zilikuwa na alama ya patasi yake. Wavuvi walimweleza kwamba dereva wetu alikuwa akizibandua na kuwapa, nao wakimpa samaki aina ya mbasa.

Mzee alirudi karakana. Alijaza debe la nati zenye kutu, zile zile tulizomcheka kwa kutozitupa, akamkabidhi dereva huyo huyo awapelekee wavuvi. Wao waliridhika sana, maana nati ina tundu tayari la kupitishia kamba. Dereva alilipokea debe bila kuinua macho, na risasi hazikupotea tena.

Ofisi, iliyoona upungufu wa risasi kwenye daftari, haikuridhika. Meneja wa wakati ule alitaka jina la aliyezichukua, na sote tulijua kwamba mwenye jina hilo angefukuzwa siku hiyo hiyo. Mzee Ignatio alijibu kwamba mwenye dhamana ya magurudumu ni yeye, na kilichopotea kilipotea mikononi mwake. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote, na cheo cha msimamizi wa karakana alichokuwa ameahidiwa kikaenda kwa mwingine. Msimu ulipofika, safari ya Songea ilikuwa imebaki moja kwa mwaka. Bodi iliiacha karakana wazi, na wote kumi na mmoja tupo hapa leo.

Dereva yule ni mimi, Nicholaus Ndimbo. Nilikuwa na watoto wanne na mshahara uliokuwa ukichelewa, lakini hiyo haiwi sababu. Kwa miaka mitatu nimemwamkia Shikamoo kila asubuhi, naye ameitikia Marahaba bila kunikumbusha kitu. Aibu hiyo imenikaa moyoni kuliko adhabu yoyote. Wiki iliyopita nilimpelekea Meneja wetu wa sasa, Bibi Walburga Hyera, maelezo yangu kwa maandishi. Ameiondoa barua ya onyo, na adhabu inayonistahili nitaipokea mimi. Mzee Ignatio anapata habari hii leo, pamoja nanyi.

Mzee wetu, asante kwa ajira za watu kumi na mmoja, na asante kwa yangu. Tunakuombea wewe na mkeo, Mama Kunigunda, afya njema, kahawa yenye kuzaa na wajukuu wa karibu huko Mkumbi. Nenda ukapumzike, Mzee. Faili lako ni safi.