Bi. Tu Pi-hsia, Msuluhishi wa Vitufe

Tarehe 31 Machi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mabasi kwa miaka ishirini na saba, Bi. Tu Pi-hsia wa kitengo cha kompyuta anastaafu. Sisi wa chumba cha simu, tunaomwita Dada Hsia tangu tuajiriwe, ndio tulioomba kuandika haya, maana hakuna waliomsumbua kama sisi.

Alianza kazi hapa mjini Chiayi tiketi zikiwa bado zinagongwa muhuri. Kompyuta zilipoingia, naye akaingia nazo. Alichobobea ni ugomvi wa vitufe, pale programu mbili zinapong'ang'ania mkato mmoja wa kibodi, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja kutoa amri: unataka kuhama kutoka Kichina kwenda Kiingereza, mara safu nzima ya jedwali inageuka rangi. Wengi wetu huweka pakiti ya kijani ya vitafunio juu ya mashine kama hirizi, kwa imani ya huku kwetu kwamba itaifanya itulie. Dada Hsia huifungua pakiti, akaila, kisha akazima programu moja baada ya nyingine mpaka mgomvi ajulikane.

Lakini tunalomkumbukia zaidi lilitokea siku chache kabla ya Mwaka Mpya, simu zikilia bila kupumzika. Mwenzetu Kung Wen-jui, asiyeona, hufanya kazi kwa programu inayomsomea skrini sikioni. Asubuhi hiyo tulianza kutumia programu mpya ya tiketi. Kufikia mchana, bibi mmoja alikuwa kituoni analia: kiti chake cha kwenda Taitung kimefutwa. Akafuata abiria mwingine, na mwingine. Tiketi zote hizo zilikuwa zimefutwa kutoka meza ya Wen-jui.

Meneja Chuang si mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa amebanwa. "Wen-jui, nenda ghalani ukasaidie vifurushi kwanza. Mengine tutaona baada ya sikukuu."

"Meneja, sijafuta tiketi ya mtu," Wen-jui alisema. "Nilibonyeza nisomewe mstari tena. Basi."

Tuliinamisha macho. Dada Hsia alivuta kiti. "Kaa, mdogo wangu. Bonyeza vilevile ulivyobonyeza."

Akabonyeza. Sauti haikutoka, ila dirisha la kufuta tiketi lilifunguka. Wen-jui, asiyesikia lolote, akabonyeza kitufe cha kuendelea, ambacho hapo kilikuwa cha kukubali kufuta, na tiketi ikaenda na maji. Programu mpya ilikuwa imepora mkato wake.

"Sasa si ajifunze vitufe vingine?" Meneja aliuliza.

"Ajifunze yeye? Vidole hivi vimezoea hapa miaka nenda miaka rudi. Programu imekuja leo. Mgeni ndiye ahame, Meneja!"

Akauhamisha mkato wa kufuta. Wen-jui akajaribu: kimya bado. Meneja akatazama saa. Dada Hsia akaanza kuzima programu moja moja, hadi sauti iliporudi ghafla sikioni mwa Wen-jui, naye akapiga meza kwa furaha. Kumbe palikuwa na mgomvi wa pili: programu ndogo ya kupiga picha za skrini, ambayo Meneja mwenyewe aliagiza asubuhi hiyohiyo iwekwe kwenye kila mashine! Chumba kizima kiliangua kicheko. Meneja naye alicheka, kisha akamwomba Wen-jui radhi mbele yetu sote. Yule bibi akapewa kiti cha mbele.

Tangu siku hiyo, hakuna programu inayoingia kwetu kabla Wen-jui hajaijaribu, na saa za chakula Dada Hsia alimfundisha ufundi wake wote, sanduku la wali likipoa kando. Alipoulizwa nani ashike nafasi yake, alitaja jina hilo tu.

"Lakini makosa utayaonaje?" Meneja alimuuliza Wen-jui.

"Nitayasikia, Meneja."

Anaanza kazi hiyo Aprili mosi.

Dada Hsia, unahamia Hualien kwa wajukuu, na umeapa hutagusa kibodi. Asante kwa subira yako, na kwa kusimama na mwenzetu siku ambayo sisi tulinyamaza. Ulale mchana bila simu kukuamsha. Afya, furaha na maisha mema viwe nawe daima.