Chupa ya Hoho Zilizooshwa

Padri Anani, ndugu, majirani, nanyi wenzake wa reli mliofika na kofia mikononi, marehemu baba yetu Stamen Dragiev alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika kijiji hiki cha Dolno Vrabovo, siku ya Mtakatifu Trifoni, wanaume wote wakiwa mashambani kupogoa mizabibu, ndiyo maana baba yake alimwona jioni, amekwisha kunyonya na kulala.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha chuo cha ufundi mjini Kazanlak hadi mwaka 1959, akaajiriwa kutunza njia ya treni mpaka alipostaafu mwaka 2001.

Tarehe 4 Oktoba 1964 alifunga ndoa na Nevena, asubuhi katika ofisi ya serikali, jioni kanisani milango ikiwa imefungwa, maana nyakati hizo serikali haikutaka mambo ya kanisa, wakavikwa mataji ya arusi, wakajaliwa watoto wawili, Zlatko mwaka 1966 na Kalina mwaka 1970.

Watoto walipoondoka, nyumba ilinyamaza. Chumvi iliombwa, ikapitishwa, basi, na kufikia Septemba 1991 Nevena alikuwa amekwisha kumwambia dada yake wa Plovdiv amwandalie kitanda, anahamia kwake.

Jumamosi moja Stamen alimkuta uani akimenya hoho za kuchoma, za sosi ya majira ya baridi, vidole vimemwiva kwa moto, naye bila kuombwa akavuta kigoda akaketi, kazi ambayo mwanamume wa hapa haigusi, hata jirani Gancho akachungulia juu ya ua.

"Bwana Stamen, aproni unaletewa lini?"

"Ukishaivua wewe."

Ila kumenya hakujua. Ili amalize upesi alizichovya zote kwenye ndoo ya maji, na hapa hata mtoto anajua kwamba hoho ya kuchoma ukiiosha, utamu wote huenda na maji. Nevena aliitazama ndoo, mikono kiunoni.

"Baba Zlatko, umezifua kama soksi."

"Nilitaka upumzike mapema."

Nevena akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na sosi ile chapwa hakuitupa, aliila mwenyewe baridi nzima, kitanda cha Plovdiv kikabaki kimetandikwa.

Tangu hapo Stamen alimpashia viatu moto jikoni kabla ya ibada, naye Nevena akamwekea ncha ya mkate aliyoipenda, na kila Septemba walimenya pamoja, bila maji, isipokuwa chupa moja, ya wao wawili, ambayo Stamen aliiharibu kwa maji makusudi.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2018, akalazwa Stara Zagora, akaomba kurudi nyumbani, na Septemba akaomba hoho na bakuli la maji. Alifariki tarehe 12 Oktoba 2018, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nevena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli waliobeba jeneza, na majirani waliotupasulia kuni, Gancho akiwa wa kwanza. Mezani sosi nzuri ipo tele, kuleni mshibe, ila ile chupa ndogo karibu na mshumaa msiiguse, ni chapwa, na ni ya Nevena.

Pumzika kwa amani, Baba. Viatu vya Mama vya ibada tutavipasha moto sisi wanao.