Mama Noela na Kucha za Bahati za Nyarugusu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Afisa Muuguzi Limi Maganga, ambaye wote tunamwita Mama Noela, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na minne. Kati ya hiyo, ishirini na miwili ameitumia akitazama vidole vya miguu vya watu wengine. Sisi wenzake tumeitumia miaka hiyohiyo kumcheka, na kwa kazi hiyo hatukuwahi kuchelewa wala kuomba ruhusa.

Alianzia Kharumwa, akahudumu Kahama, kisha akaletwa kwenye zahanati yetu huku Nyarugusu. Aliwakuta wachimbaji wanashinda ndani ya buti za mpira zilizojaa maji, kucha zao zimekuwa za njano na nene, zinameguka kama ukoko wa wali. Akaleta hoja kwenye kikao cha watumishi. Kikao kiliipokea kwa uzito unaostahili, kikaiweka kwenye Mengineyo, chini ya suala la pazia la mapokezi. Ilikaa humo miaka kumi na moja. Pazia lilipatikana mapema zaidi.

Mgeni wa maeneo haya afahamishwe kwamba huku kwetu ukucha wa njano haukuwa ugonjwa. Mtaalamu mmoja wa kienyeji aligundua, bila darubini wala haya, kwamba dhahabu ikimpenda mtu humwanzia kidoleni. Basi mwenye kucha hizo hatibiwi, maana kumtibu ni kufukuza mali, na buti zake huvaliwa kwa zamu na wenzake wote wa duara, yaani shimo lao la kuchimbia, ili kila mmoja aonje neema. Kuna duara ambalo watu saba walivaa jozi moja. Haikuchukua muda, wote saba wakawa na kucha za njano. Dhahabu haikuonekana, ila imani iliongezeka sana.

Waliochoshwa na bahati walijitibu wenyewe. Walipaka maji ya betri, petroli, na dawa za mnadani zinazotibu kucha, mapenzi na kesi za mashamba kwa pamoja. Mmoja alipaka rangi ya kucha ya mkewe, akatangaza amepona, na kweli alikaa amepona hadi rangi ilipobanduka.

Mama Noela hakuwa na miujiza ya namna hiyo. Alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, kikata kucha na tupa ndogo. Aliloweka, akakata, akasugua kidogo kidogo, akakausha katikati ya vidole, akaagiza buti zianikwe juani na kila mtu avae zake. Alisisitiza vipimo kabla ya vidonge, kwa kuwa si kila ukucha ulioharibika una fangasi; mwingine umeangukiwa na jiwe tu. Kisha akawaambia ukweli ambao hakuna aliyeupenda, kwamba ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka na zaidi kuota upya.

Hapa niache utani kidogo. Miaka mitatu iliyopita, Mama Noela akiwa likizo, alikuja kwangu mchimbaji aitwaye Marcel. Mimi ndiye tabibu wa zahanati hii. Nilimpa mafuta ya kupaka na kumwambia ukucha haujawahi kumuua mtu. Sikumpima sukari. Miezi mitano baadaye alikatwa mguu chini ya goti. Mama Noela alilisoma faili lile, akalirudisha kabatini, na hakunisema. Afadhali angenisema.

Ndiyo maana mwaka jana, mwezi wa tano, mchimbaji mwingine, Chacha, alipokuja kupima malaria, Mama Noela alimwambia avue buti. Kucha zilikuwa njano zote, na ule wa kidole gumba ulikuwa umechimba nyama hadi kutoa usaha, naye Chacha hasikii maumivu. Sukari ilipopimwa ilikuwa juu sana. Akaambiwa arudi kesho yake. Hakurudi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye buti za bahati, na wenzake hawakuwa tayari kuona muuguzi akiikata bahati yao kwa mkasi.

Mama Noela akachukua kiti cha plastiki na kapu la karanga, akaenda kukaa mita chache kutoka kwenye mdomo wa duara. Kwa desturi ya pale, mwanamke akiwa karibu hakuna anayeshuka. Miaka yote alikuwa akiipinga desturi hiyo kwenye semina. Siku hiyo aliiheshimu kuliko wao. Alimenya karanga siku mbili. Siku ya tatu Adam, msimamizi wa duara, akaja ameshika kofia mkononi.

"Mayu, mama yetu, shikamoo. Kazi imelala siku ya tatu hii."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nimekaa siku ya tatu."

"Sasa unataka nini?"

"Mguu wa Chacha. Na Chacha mwenyewe, kwa kuwa bado wameshikana."

Walimleta kwa bodaboda kabla ya saa sita. Kidonda kilisafishwa kila siku, sukari ikashushwa hospitalini, na baada ya wiki saba kikafunga. Mguu upo. Duara lile, likiwa limepoteza bahati yake, liliendelea kutotoa kitu kama lilivyofanya lilipokuwa nayo. Wale wengine walianza kuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Leo buti zao zina majina kwa rangi nyeupe, na hoja ya kucha ina ajenda yake kwenye kikao.

Mama Noela, asante kwa kuinama wakati sisi tumesimama tukicheka. Tunakuombea afya, mpunga wa kutosha huko Kharumwa unakorudi kuishi, na wajukuu wanaokubali kuvua viatu.

Limebaki jambo moja. Ukucha wa Chacha bado haujamaliza kuota, na sukari haistaafu. Alipoambiwa kwamba kuanzia Jumatatu atahudumiwa na mimi, aliuliza nauli ya Kharumwa ni kiasi gani. Anajua ni nani aliyemhudumia Marcel, wala simlaumu. Nimemwomba aje mara moja tu, anipime na yeye. Amekubali. Jumatatu saa mbili asubuhi nitapiga magoti mbele ya beseni lako, Mama, na nitatazama vidole vyote kumi.

Theonest, Tabibu